Uzi: Picha za Hampton na Carlisle zilipigwa kwa ajili ya nani?

Mpekuzi wa Makabati

Wakuu, naona ile picha ya kijana wa Kinavajo, Tom Torlino, imeanza kuzungushwa tena humu. Upande mmoja ana nywele ndefu, hereni na mikufu, kajifunika blanketi. Upande wa pili kanyolewa, kavaa koti na tai, na ngozi imepauka utadhani kaletwa mtu mwingine. Alifika Carlisle, shule ya bweni ya wenyeji wa Amerika, 1882, na picha ya pili ni ya 1885. Kila ikitupiwa, watu wanaandika chini yake "ona walivyowafuta wenzetu", mjadala unaishia hapo.

Sipingi kwamba walifutwa. Ninachosema ni kwamba tunaitazama kama ushahidi wa yaliyompata Torlino, wakati ile ilikuwa bidhaa. Ilipangwa, ikapigwa, ikasafishwa, ikabandikwa kwenye kadi ngumu na kuuzwa. Mpiga picha, John Choate, alikuwa na studio yake mjini Carlisle na aliifanyia shule hiyo kazi kuanzia ilipofunguliwa hadi alipofariki 1902. Mkuu wa shule alizituma picha hizo kwa wabunge na maofisa wa serikali waliokuwa wakiamua bajeti. Gazeti la shule nalo lilizitoa kama zawadi kwa msomaji aliyeleta wasomaji wapya wa kulipia. Ukishajua nani alikuwa mnunuzi, utaelewa pia kwa nini picha za wasichana wa shule hizi zimejaa pasi, masufuria na mabeseni ya kufulia. Hilo ndilo lililonileta.

Kwanza historia kidogo, mwenye haraka aruke.

Carlisle ilifunguliwa 1879 ndani ya kambi ya zamani ya jeshi huko Pennsylvania. Mwanzilishi wake, kapteni Richard Henry Pratt, alikuwa ametoka kulinda wafungwa. Mwaka 1875 alikabidhiwa wafungwa wa vita 72 kutoka nyanda za magharibi, Wakiowa, Wacheyenne, Wakomanche na wengine, awashikilie katika ngome ya Fort Marion, Florida. Akawakata nywele, akawavika sare za jeshi, akawatafutia walimu wa Kiingereza, akaridhika kwamba jambo linawezekana. Mwaka 1878 baadhi yao wakapelekwa Hampton, Virginia, kwenye shule ya Weusi waliotoka utumwani. Mwaka uliofuata Pratt akapewa shule yake mwenyewe. Yeye ndiye aliyesema Denver mwaka 1892 kwamba ule uasili ulio ndani ya mwenyeji wa Amerika lazima uuawe ili mtu aokolewe. Kwa hiyo Carlisle ina wazazi wawili: gereza, na Hampton.

Hampton ilianzishwa 1868 na Samuel Chapman Armstrong, jenerali wa upande wa Kaskazini katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, mtoto wa wamisionari aliyezaliwa Hawaii. Kule Hawaii alikuwa ameona shule za misheni zikiwafanyisha wanafunzi kazi za mikono nusu ya siku, akaibeba hiyo picha kichwani hadi Virginia. Hoja yake ilikuwa kwamba Mweusi aliyeachiwa huru ajengwe kwanza tabia ya kazi, mambo ya siasa na kura yasubiri. Mwanafunzi wake maarufu kuliko wote, Booker T. Washington, alifika pale 1872 akiwa mchafu na hana kitu. Mtihani wake wa kuingia ukawa kufagia chumba. Alikifagia mara tatu, akapangusa vumbi mara nne, mwalimu mkuu wa kike akapitisha leso yake juu ya mbao kutafuta vumbi, hakulipata. Akakubaliwa. Huyo ndiye aliyekwenda kuongoza Tuskegee, shule ya Weusi huko Alabama, 1881.

Sasa njooni kwenye picha zenyewe, maana hapa ndipo penye utamu.

Desemba 1899 mkuu wa pili wa Hampton, Hollis Frissell, alimwita Frances Benjamin Johnston, mwanamke mzungu mwenye studio Washington, mmoja wa wanawake wa kwanza kuishi kwa kupiga picha za magazeti. Akapiga kama picha 150. Zikapelekwa Paris kwenye Maonyesho ya Dunia ya 1900, katika sehemu iliyoonyesha maendeleo ya Wamarekani Weusi. Ni picha nzuri mno, lazima niseme. Kuna moja ya vijana sita wanajenga ngazi ya nyumba ya mhazini wa shule. Kila mmoja kasimama kwenye kidato chake na kifaa chake, na hakuna hata mmoja anayetazama kamera. Kuna ya wanafunzi wa fizikia wamezunguka mashine ya kukamulia jibini. Kuna ya darasa la historia ya Marekani: wanafunzi Weusi na wenyeji wa Amerika waliovaa sare wanamtazama mwenyeji mmoja aliyesimamishwa mbele kwa mavazi kamili ya kabila lake, na karibu yake yupo tai aliyekaushwa. Mtu na ndege wote ni vielelezo vya somo. Mimi picha hiyo hunikaa kooni kuliko ya Torlino, kwa sababu waliosimama kuitazama "historia" yao ni ndugu zake.

Halafu zipo jozi za kabla na baada, ila hapa wamebadilishwa watu. Kushoto kibanda cha magogo cha wazee, kulia nyumba ya mhitimu yenye ghorofa na uzio. Kushoto wazee wawili wanakula mezani pa umaskini, kulia familia ya mhitimu imekaa mezani, kuna kitambaa, kuna picha ukutani. Mzungu tajiri wa Boston au New York akitazama anaelewa bila kuambiwa: dola yangu inaingia huku, inatokea kule.

Wasichana je? Wanapika, wanashona, wanafua, wanapiga pasi, wanajifunza kutandika kitanda. Johnston alipita Carlisle pia kama 1901, akapiga yale yale. Tatizo langu siyo kupika. Tatizo ni kwamba zile ndoo walizokuwa "wanajifunzia" zilikuwa na nguo za shule nzima ndani. Mamia ya wanafunzi walivaa sare zilizoshonwa na wasichana, zikafuliwa na wasichana, zikapigwa pasi na wasichana, nusu siku kila siku. Likizo ikifika, Pratt alikuwa na mpango wa kuwatoa nje: mwanafunzi anapelekwa kuishi kwa familia ya kizungu, wengi wao wakulima wa Pennsylvania. Wavulana shambani, wasichana jikoni. Shule ilishika sehemu kubwa ya ujira na kuiweka akiba kwa jina la mwanafunzi, na mwenye nyumba alitakiwa kutoa taarifa ya tabia yake.

Kwa hiyo ukiona picha ya msichana na pasi, unayetazama ni mfanyakazi anayetangazwa kwa mwajiri. Naomba kuwasilisha, karibuni kwa hoja.

Duka la Kona

Mkuu umetisha. Nimefika kwenye tai aliyekaushwa nikaitwa na mteja. Nafunga duka narudi.

Fundi Picha Kariakoo

Niongezee upande wa ufundi, maana watu wanasema Torlino "alijichubua" au "alikaa ndani miaka mitatu". Tuanze na sahani.

Sahani za kioo za wakati ule ziliona rangi vibaya. Ziliona buluu vizuri sana, nyekundu na hudhurungi karibu hazikuziona kabisa. Ngozi ya mtu wa rangi yake, iliyopigwa jua, ikitoka kwenye sahani ile inakuwa nyeusi kuliko ilivyo. Hiyo ni kabla hujagusa chochote. Sasa fundi akitaka kukuongezea weusi anakupiga na mwanga mdogo wa upande mmoja. Akitaka kukufanya mweupe anakuweka mbele ya dirisha kubwa, anarudisha mwanga kwa kitambaa cheupe upande wa pili, anaacha sahani ipate mwanga zaidi, anakupaka poda kidogo. Siyo uchawi. Hata leo harusini bibi harusi akitaka "atoke" ninafanya hayo hayo, isipokuwa yeye ndiye anayelipa.

Tazameni pia macho na mabega. Picha ya kwanza mwili umelegea, ya pili amewekwa wima, kola imemshika shingo. Watafiti wengi wameandika kuhusu huo mwanga kwenye picha za Choate, na mimi kama fundi nakubaliana nao.

Kuhusu za Johnston, yule mama alitumia kamera kubwa ya stendi, sahani za inchi 8 kwa 10. Ndani ya nyumba, majira ya baridi, lazima watu wagande. Wale vijana wa kwenye ngazi hawakuwa wanajenga. Walisimama na nyundo hewani wakasubiri. Ndiyo maana kila mkono umekaa mahali pake na hakuna hata vumbi la msumeno linaloruka. Usafi wa ile picha ndio uongo wake, ila jamani, fundi alikuwa fundi.

Mwl. Mstaafu

Mpekuzi mwanangu, nakusoma kwa makini. Lakini niruhusu nikupinge kidogo.

Nimefundisha sayansi kimu na nimesimamia mashamba ya shule. Mwaka 1967 Mwalimu Nyerere alipotoa Elimu ya Kujitegemea, sisi tulilima, tulifuga, tulifyatua matofali, tulipika zamu kwa zamu, na hatukuona kwamba tunafanywa watumwa. Tuliambiwa msomi asiyeshika jembe ni mzigo kwa waliomlipia. Sasa mbona Mmarekani Mweusi akishika randa na nyundo tunaambiwa ni udhalilishaji? Mtu katoka utumwani juzi, hana ardhi, hana nyumba. Afundishwe Kilatini?

Tena wale wa Hampton walijivunia shule yao. Picha zile zilipofika Paris, Mzungu wa Ulaya aliyezoea kuwaona Weusi kwenye vikaragosi aliwaona wamevaa tai wanapima ardhi. Hilo nalo lihesabiwe.

Mpekuzi wa Makabati

Shikamoo mwalimu. Hoja yako ni nzito na nilikuwa naisubiri.

Tofauti ninayoiona ni hii. Shamba la shule la 1967 lilikuwa la kila mtoto, wa waziri na wa mkulima, angalau kwa maandishi. Na baada ya kulima, mlango wa chuo kikuu ulikuwa wazi, ingawa mwembamba. Hampton na Carlisle zilianza na jibu la swali "huyu ni wa rangi gani", ndipo zikachagua somo. Watoto wa wafadhili wa Hampton hawakuwa wakijifunza kufua.

Lakini kuna jambo linalokuunga mkono, na picha za Johnston zinalificha. Hampton ilikuwa chuo cha ualimu. Wahitimu wake wengi kwa miaka mingi walikwenda kufundisha shule za vijijini huko Kusini, wala hawakuwa maseremala. Yaani kazi halisi ya shule ilikuwa kutoa walimu Weusi kwa maelfu ya watoto ambao majimbo hayakuwajali. Mbona basi picha zimejaa nyundo na pasi? Kwa sababu mfadhili wa Kaskazini na mbunge wa Kusini walitulia wakiona nyundo. Mweusi mwenye chaki aliwatisha.

Na umesema kweli kuhusu fahari. Mwaka 2000 msanii Carrie Mae Weems alizichukua picha hizi, akazichapa upya kwenye vitambaa vikubwa vinavyoning'inia, akauliza maswali kama haya yetu. Chuo Kikuu cha Hampton kikakataa kazi hiyo isionyeshwe kwao. Waliona anawatukana babu zao. Mimi nawaelewa, hata kama nipo upande wa Weems.

Mkabete

Salamu kutoka Nairobi. Hapo kwa Hampton mmenigusa, maana hiyo Hampton ilifika mpaka kwetu, na watu wengi hapa hawajui.

Kulikuwa na bwana mmoja anaitwa Thomas Jesse Jones, mzaliwa wa Wales, aliyefundisha Hampton kuanzia 1902. Baadaye akawa mkuu wa masuala ya elimu katika mfuko wa Phelps-Stokes wa New York, na 1917 akatoa ripoti kubwa kuhusu elimu ya Weusi Marekani, akipigia debe mtindo wa Hampton. Kisha akaletwa Afrika. Tume yake ya kwanza ilizunguka Afrika Magharibi, Kati na Kusini 1920 na 1921. Ya pili ilikuja Afrika Mashariki 1924: Kenya, Uganda, Tanganyika, Zanzibar na kwingineko. Ndani yake alikuwemo James Aggrey wa Gold Coast (Ghana ya leo), msomi Mweusi aliyependwa sana kila alipohutubia. Yule Mskoti James Dougall aliyekuwa kwenye tume hiyo ndiye akawa mkuu wa kwanza wa Jeanes School, Kabete, 1925, kwa pesa za Carnegie. Jina Jeanes linatoka kwa mama mmoja wa Kikweka wa Philadelphia aliyeacha mali yake kwa shule za Weusi vijijini Marekani Kusini. Leo hapo Kabete ni Kenya School of Government, wanafundishwa makatibu wa wizara.

Sasa sikilizeni hii. Jeanes walichukua walimu wa shule za vijijini pamoja na wake zao. Mwalimu anafundishwa kusimamia shule, afya ya kijiji, kilimo. Mke wake anafundishwa usafi wa nyumba, kupika, kushona, kulea mtoto. Wanawekwa kwenye nyumba za mfano ili kijiji kije kiige. Hiyo ni ile jozi ya kibanda na nyumba ya mhitimu, imejengwa kwa matope na nyasi za Kabete! Wazee wetu walipodai shule zenye masomo ya vitabu miaka ile ya 1920 na 1930, waliambiwa mtindo wa Marekani ndio unaowafaa Weusi. Wakaanzisha shule zao wenyewe.

Na mwalimu mstaafu, kwa heshima, hapo ndipo wazee walipokataa. Kazi ya mikono walikuwa nayo tayari nyumbani. Walichotumia karo kukitafuta ni Kiingereza na hesabu.

Binti Mbweni

Assalaam aleikum. Mimi natokea Unguja na naona mnazunguka mbali wakati magofu yapo hapa, mwendo mfupi kutoka mjini.

Skuli ya Mbweni ilikuwa ya UMCA, wamisionari wa Kianglikana kutoka Uingereza, ya watoto wa kike waliokamatwa majahazini na manowari za Kiingereza zilizokuwa zikizuia biashara ya watumwa. Bi Caroline Thackeray aliiongoza kuanzia 1877 kwa miaka mingi, na kafa hapa hapa. Wale watoto waligawiwa. Walioonekana wana kichwa walisomeshwa ualimu na wakaozwa walimu na makasisi wa misheni. Walioonekana hawana, walipelekwa upande wa kazi: kushona, kufua, kupika. Wengine waliolewa na wakulima wa shamba la misheni. Hapo rangi ni moja, wote ni watoto waliotolewa makwao, lakini mgawanyo ni ule ule wa nani atakwenda darasani na nani kwenye beseni.

Nawaomba kaka zangu muangalie jambo moja. Nyote mmeandika kuhusu wasichana kama picha, hakuna aliyeuliza mikono yao ilikuwaje. Kufua kwa maji ya moto na sabuni kali nusu siku, na pasi ile ya chuma inayotiwa jikoni, hicho si kisomo. Mimi bibi yangu alikuwa dobi. Vidole vyake havikunyooka.

Fundi Picha Kariakoo

Binti, umenishika. Nimerudi kuzitazama zile za Carlisle, chumba cha kupigia pasi. Wasichana wamepangwa mistari, aproni nyeupe, pasi chini ya mkono. Mikono yote imefichwa nyuma ya nguo au imekunjwa kwenye mpini. Sikuwahi kuliangalia hilo.

Kibwengo77

Sasa swali la mtu wa mtaani. Walilipwa au hawakulipwa? Maana beki tatu wetu wa Dar naye anaambiwa "unakaa kwetu, unakula kwetu, utasomeshwa ushonaji", miaka inakatika cherehani haijaonekana.

Mpekuzi wa Makabati

Kibwengo, kazi ya ndani ya shule hawakulipwa mshahara wa maana, ilihesabiwa kuwa ni elimu. Kazi ya kwenye familia za nje walilipwa, kidogo, na kama nilivyosema, shule ndiyo iliyoshika daftari. Mwaka 1928 ripoti iliyoagizwa na serikali yenyewe ya Marekani, inayojulikana kwa jina la mkuu wake Lewis Meriam, ilisema bila kuficha kwamba shule za bweni za wenyeji zilikuwa zikiendeshwa kwa sehemu na jasho la watoto, na kwamba kazi za dobi na jikoni zilikuwa uzalishaji tu, hazikuwa mafunzo. Carlisle ilikuwa imefungwa miaka 10 kabla.

Hampton serikali ililipa dola 167 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi mwenyeji. Kwa Mweusi haikulipa, huyo alitegemea wafadhili na kazi yake mwenyewe. Waliishi mabweni tofauti na wakala meza tofauti. Booker T. Washington aliwahi kuwekwa kuwa mlezi wa bweni la vijana wenyeji, yaani mtoto wa mtumwa anamfundisha mtoto wa kabila lililonyang'anywa ardhi jinsi ya kuvaa kizungu. Mwaka 1912 bunge likakata pesa zile, na 1923 mpango ukafa.

Na kuhusu faida ya ufundi waliofundishwa: Luther Standing Bear, Mlakota wa kundi la kwanza kabisa la Carlisle, alifundishwa kutengeneza ndoo na vikombe vya bati. Baadaye aliandika kwamba ufundi ule haukumsaidia kitu, kwa sababu vyombo vya bati vilikuwa tayari vinamwagwa na serikali kwenye maeneo yao.

Duka la Kona

Nimerudi. Swali langu ni dogo: hakukuwa na Mweusi hata mmoja aliyepiga picha kwa jicho lake? Naona wapiga picha wote hapa ni wazungu.

Mpekuzi wa Makabati

Walikuwepo, tena kwenye maonyesho yale yale ya Paris. Msomi Mweusi W. E. B. Du Bois alipeleka albamu za picha 363 za Weusi wa Georgia, nyingi za Thomas Askew, mpiga picha Mweusi wa Atlanta, pamoja na chati za takwimu zilizochorwa kwa mkono kwa rangi kali. Hapo huoni nyundo. Unaona mtu kakaa, kavaa vizuri, anakutazama usoni. Hakuna maelezo yanayokuambia alikuwa nani kabla. Mgeni akitoka kwa Johnston akaingia kwa Du Bois alikuwa anatembea kati ya hoja mbili zilizokuwa zikipigana Marekani nzima. Mwaka 1906 Du Bois alialikwa Hampton, akawaambia usoni kwamba mtindo wao unafundisha watu kutotamani makubwa. Hawakufurahi.

Mimi nikichagua naenda na Askew. Lakini msidhani albamu zile hazina tatizo. Wengi wa waliomo ni tabaka la juu la Atlanta, mama mfuaji wa nguo hayumo sana. Yaani mfuaji kapigwa picha na waliotaka afue, na kaachwa na waliotaka kumtetea.

Mwl. Mstaafu

Hilo la mwisho nimeliandika kwenye daftari langu. Sijabadili msimamo kuhusu jembe, lakini nakubali kwamba swali la nani anachaguliwa kushika jembe ndilo lenyewe.

Naomba kujua, wale waliogeuzwa kwenye picha, waligeuka kweli?

Mpekuzi wa Makabati

Mwalimu, kuna picha ya Choate ya vijana watatu Walakota waliofika 1883, kabla na baada. Mmoja wao ni Henry Standing Bear, ndugu yake Luther. Kwenye "baada" kavaa sare, kanyoa, kijana wa mfano. Miaka mingi baadaye, 1939, Henry huyo huyo alimwandikia mchonga sanamu Korczak Ziolkowski kumwomba achonge mlimani sura ya Crazy Horse, shujaa wa Walakota, ili wazungu wajue kwamba na wao wana mashujaa. Kazi ilianza 1948 huko South Dakota na hadi leo haijaisha. Barua aliiandika kwa Kiingereza safi cha Carlisle.

Wengine hawakurudi. Kwenye makaburi ya Carlisle walizikwa watoto zaidi ya 180. Jeshi la Marekani lilianza kuwarudisha kwa familia zao 2017, kwa ombi la Waarapaho wa Kaskazini, na 2021 tisa wakarudishwa kwa Walakota wa Rosebud. Serikali ilihesabu shule 417 za aina hii na vifo vya watoto visivyopungua 973, na Oktoba 2024 Rais Biden akaomba radhi.

Mkabete

Mkuu, hizo picha na hayo majina tunayapata wapi sisi tulio huku? Nina mwanafunzi wa historia hapa nyumbani.

Mpekuzi wa Makabati

Picha za Johnston ziko kwenye tovuti ya Maktaba ya Bunge la Marekani, bure, unapakua kwa ukubwa wowote. Za Carlisle nenda kwenye hifadhi ya kidijitali ya Chuo cha Dickinson, ambacho kipo mji huo huo. Wameweka picha na maelfu ya mafaili ya wanafunzi. Usianze na picha. Fungua kadi ya mwanafunzi kwanza: kabila, tarehe ya kufika, familia alizopelekwa kufanya kazi, tarehe ya kuondoka na sababu. Kisha ndipo utafute sura yake.

Mimi nimeanza na wasichana waliopelekwa Bucks County, huko huko Pennsylvania, naandika kila mmoja alikaa nyumba ngapi. Anayetaka tugawane majina aniandikie kwa faragha. Binti Mbweni, wewe nakuomba hasa, maana jicho lako la mikono nalihitaji.

Binti Mbweni

Nipe herufi A mpaka F. Na Fundi Picha aje, atuambie zipi zilipigwa studio na zipi zilipigwa dobini kweli.